Taa ya Mlingotini: Kuonekana Usiku Ziwani

MADA: Taa za vyombo vya majini usiku, na namna ya kuzifunga

WALENGWA: Wasikilizaji makambini na vijijini kando ya maziwa, wavuvi, mafundi, abiria

MALENGO: Baada ya kusikiliza kipindi hiki, msikilizaji aweze:
1. Kueleza maana ya taa nyekundu, kijani na nyeupe za chombo.
2. Kutambua chombo kinaelekea wapi kwa kuangalia taa zake.
3. Kutaja mambo ya kuzingatia wakati wa kufunga taa juu ya mlingoti.
4. Kumuuliza nahodha maswali yanayofaa kabla ya kupanda chombo.

WASHIRIKI: Mtangazaji (dada), Fundi (mzee, mjenzi wa mashua, Ujiji), Mama (msikilizaji, kambini), Kijana (msikilizaji, kambini)

KIASHIRIO CHA KIPINDI. KINAPANDA, KISHA KINASHUKA CHINI YA SAUTI.

MTANGAZAJI: Msikilizaji mpendwa, karibu tena. Uwe kambini, uwe kijijini kando ya ziwa, uwe peke yako na redio yako au katika kikundi chenu cha wasikilizaji, tunasema karibu. Wiki iliyopita tulizungumzia jaketi za kuokolea maisha. Wengi wenu mmetuma maswali, na swali moja limerudi mara nyingi: usiku, chombo kidogo kitaonekanaje? Leo tunalijibu. Lakini kwanza, msikilize mama huyu tuliyezungumza naye kambini.

SAUTI: WATOTO WANACHEZA MBALI. SUFURIA INAWEKWA CHINI.

MAMA: Tulitoka upande wa Fizi usiku. Tulikuwa wengi katika boti moja, na mtoto wangu wa mwisho alikuwa mgongoni. Nahodha akasema, zimeni tochi, zimeni hata simu. Hakutaka mtu yeyote atuone. Tukakaa kimya katika giza. Baadaye tukasikia mashine, boti kubwa, inakuja upande wetu. Haikutuona. Ilipita karibu sana hata nikasikia watu wakiongea ndani yake. Wimbi lake likaingia kwetu. Tulitoa maji kwa masufuria mpaka alfajiri. Tangu siku ile, mimi nikiona taa juu ya maji, moyo unatulia.

MTANGAZAJI: Asante, mama. Na pole. Najua wapo wengi mnaosikiliza sasa mliopita njia kama hiyo. Ndiyo maana mada ya leo ina uzito wake. Wakati wa kukimbia, giza lilikuwa kinga. Wakati wa amani, giza lile lile ni hatari. Wapo kati yetu wanaovua usiku kwa kibali kando ya ziwa. Wapo wenye ndugu wanaosafiri kwa boti. Wapo wanaosubiri siku ya kurudi nyumbani kwa njia ya maji. Wote hao wanahitaji kuonekana.

Studioni nipo na mzee wetu, fundi wa mashua kutoka Ujiji. Shikamoo, mzee.

FUNDI: Marahaba, binti yangu. Na wasikilizaji wote nawasalimu.

MTANGAZAJI: Mzee, tuanze na hili. Ziwa Tanganyika usiku linajaa taa. Ukisimama Kigoma usiku usio na mbalamwezi, ni kama unatazama mji. Sasa kwa nini tuseme watu hawaonekani?

FUNDI: Umeuliza vizuri. Zile taa unazoziona ni za kuvutia dagaa. Ndugu zetu wa Burundi wanawaita ndagala. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za LED za betri na sola. Zote ni nyeupe. Sasa nahodha anayekuja na abiria anaona nyeupe mia moja mbele yake. Ipi imetulia? Ipi inatembea? Ipi iko karibu, ipi iko mbali? Taa nyeupe peke yake inamwambia "kuna kitu hapa". Haimwambii kitu hicho kinakwenda wapi. Na jambo la pili, taa ya kuvulia huinamishwa kutazama maji. Aliye mbali, kwa upande mwingine, pengine haioni kabisa.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo rangi ndizo zinazosema.

FUNDI: Rangi ndizo zinazosema. Hii ni lugha, na mabaharia wa dunia nzima wanaisoma. Sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini ziliandikwa mwaka 1972, lakini nyekundu na kijani ni za zamani zaidi, tangu karne ya 19. Nchi za maziwa yetu zina kanuni zake na maofisa wake, na ni vizuri kuuliza bandarini kwako. Lakini lugha ya rangi ni ile ile.

MUZIKI MFUPI.

SEHEMU YA KWANZA: KUSOMA TAA

MTANGAZAJI: Basi tufundishe, mzee. Polepole, maana wengine wanaandika.

FUNDI: Kaa kwenye chombo, tazama mbele, yaani omo. Mkono wako wa kushoto, taa nyekundu. Mkono wako wa kulia, taa ya kijani. Nyuma, yaani tezi, taa nyeupe. Chombo kinachotembea kwa injini huongeza taa nyeupe nyingine, iliyo juu zaidi, inayoangaza mbele.

MTANGAZAJI: Kushoto nyekundu, kulia kijani, nyuma nyeupe. Na injini inaongeza nyeupe ya juu.

FUNDI: Hasa. Na siri iko hapa: kila taa haiangazi pande zote. Nyekundu inaanzia mbele kabisa, inazunguka upande wa kushoto, inaishia nyuma kidogo ya ubavu. Ni digrii 112 na nusu. Kijani hivyo hivyo upande wa kulia. Nyeupe ya nyuma inaziba sehemu iliyobaki, digrii 135. Ukizijumlisha zote tatu, unapata duara kamili la digrii 360. Yaani popote unaposimama kukizunguka chombo, utaona taa, na rangi unayoiona inakuambia uko upande gani wake.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo mimi nikiwa kwenye boti yangu, nikaona nyekundu peke yake mbele yangu?

FUNDI: Unatazama ubavu wake wa kushoto. Kinakata mbele yako, kikitoka kulia kwenda kushoto. Ukiona kijani peke yake, kinatoka kushoto kwenda kulia. Ukiona nyeupe ya chini peke yake, huenda unatazama mgongo wake, mnakwenda njia moja. Au ni mvuvi ametulia. Punguza mwendo mpaka ujue.

MTANGAZAJI: Na nikiona nyekundu na kijani kwa pamoja?

FUNDI: Hapo, binti yangu, kinakuja moja kwa moja kwako. Usisubiri. Kama nyote mnatumia injini, kila mmoja anageuka kulia kwake, mnapishana nyekundu kwa nyekundu, kushoto kwa kushoto.

MTANGAZAJI: Na kama ni njia panda? Nani ampishe mwenzake?

FUNDI: Kwa vyombo viwili vya injini, mwenye mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha. Na angalia jinsi rangi inavyokusaidia: aliye kulia kwako akikata njia yako, atakuonyesha nyekundu. Nyekundu inasema "subiri", kama barabarani. Aliye kushoto kwako atakuonyesha kijani, na yeye ndiye wa kupisha. Lakini usimtegemee asilimia mia. Macho yako yawe kwake mpaka apite.

MTANGAZAJI: Wapo wasikilizaji wetu waliopanda MV Liemba mwaka 2015, wakati watu wengi walipokuwa wamekusanyika Kagunga. Mitumbwi na boti ndogo ziliwapeleka hadi kwenye meli, maana haikuweza kufika ufukweni. Meli kama ile ina taa gani?

FUNDI: Meli yenye urefu wa meta 50 au zaidi hubeba taa nyeupe mbili za mlingotini zinazotazama mbele. Ya mbele iko chini, ya nyuma iko juu yake. Ukiziona zimepangana wima, moja juu ya nyingine, meli hiyo inakuelekea wewe. Zikiachana, inapita pembeni. Mtumbwi usiwe na ubishi na meli. Meli haiwezi kusimama ghafla.

MUZIKI MFUPI.

SEHEMU YA PILI: DAKIKA CHACHE ZA KUAMUA

MTANGAZAJI: Mzee, wapo watakaosema: "Mimi nina tochi ya simu, yanitosha."

FUNDI: Nitakupa hesabu. Boti mbili zinaelekeana, kila moja inakwenda kilometa 15 kwa saa. Zinakaribiana kwa kilometa 30 kwa saa, yaani meta 500 kila dakika. Kama taa yako inaonekana umbali wa meta 500 tu, mna dakika moja kuanzia kuonana hadi kugongana. Katika dakika hiyo nahodha aone, aelewe, aamue, ageuze. Na pengine alikuwa anawasha sigara.

MTANGAZAJI: Na taa nzuri?

FUNDI: Kwa chombo kilicho chini ya meta 12, sheria za kimataifa zinataka nyekundu na kijani zionekane umbali wa maili 1 ya bahari, yaani meta 1,852. Nyeupe ionekane maili 2. Kwa mwendo ule ule, maili 1 inakupa karibu dakika nne. Dakika nne ni nyingi. Mtu anaweza kugeuka hata mara mbili.

MTANGAZAJI: Vyombo vyetu vingi ni vidogo sana. Je, mtumbwi wa makasia nao ubebe taa zote hizo?

FUNDI: Sheria ina huruma kwa wadogo. Chombo cha tanga kilicho chini ya meta 7, na mtumbwi wa makasia, kama haviwezi kubeba taa za rangi, viwe na tochi yenye mwanga mweupe karibu na mkono, na iwashwe mapema kabla ya hatari. Mapema! Wapo wanaoweka tochi chini ya nyavu. Boti inapokuja wanaanza kuitafuta. Tochi ifungwe kamba, itundikwe shingoni mwa anayeongoza. Ukiimulika, mulika tanga lako au mwili wa mtumbwi wako ili uonekane mkubwa. Usimmulike mwenzako machoni. Utampofusha na atakugonga.

MTANGAZAJI: Na boti ndogo ya injini?

FUNDI: Iliyo chini ya meta 12 inaruhusiwa kuwa na taa moja nyeupe inayoangaza pande zote, juu ya mti, pamoja na nyekundu na kijani ubavuni. Hiyo ndiyo ninayowafungia vijana wengi. Na muda wa kuwasha ni kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Kwetu huku ni kama saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hata mchana, kama ukungu au mvua imefunga macho, washa.

MUZIKI MFUPI.

SEHEMU YA TATU: KUFUNGA TAA JUU YA MLINGOTI

MTANGAZAJI: Sasa tuingie karakanani. Kwa nini taa iwekwe juu ya mlingoti, isiwekwe pale karibu na mikono?

FUNDI: Kwa sababu tatu. Ya kwanza, mawimbi. Taa ya chini inafichwa kila wimbi linapoinuka. Ya pili, watu na mizigo. Abiria akisimama, taa imezimika kwa yule wa upande wa pili. Ya tatu, macho ya nahodha mwenyewe. Taa nyeupe ikiwa mbele ya uso wako, huoni giza lililoko mbele. Macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na taa moja kali inayafuta yote kwa sekunde moja.

MTANGAZAJI: Nimesikia chombo cha tanga kinaweza kubeba taa moja yenye rangi tatu.

FUNDI: Ndiyo. Chombo cha tanga kilicho chini ya meta 20 kinaweza kuweka taa moja kileleni mwa mlingoti, ndani yake nyekundu, kijani na nyeupe ya nyuma. Ni nzuri sana, inatumia umeme kidogo na tanga haliifichi. Lakini sikia onyo: ukiwasha injini, wewe si chombo cha tanga tena, hata kama tanga liko juu. Hapo zima ile ya rangi tatu, washa nyekundu na kijani za chini pamoja na nyeupe ya injini. Usiziwashe zote kwa pamoja. Utawachanganya wenzako.

MTANGAZAJI: Tuchukue mlingoti wetu wa mti, wa mkaratusi ulionyooka. Fundi anaanzia wapi?

FUNDI: Anaanzia ardhini, chombo kikiwa ufukweni. Usipande mlingoti wakati chombo kinaelea na kuyumba. Ulaze mlingoti chini ufanye kazi kwa utulivu. Kisha fuata hatua hizi.

Moja: tengeneza kikono cha kushikia taa, cha chuma kisichoshika kutu au cha mbao ngumu. Kiwe imara hata ukikitikisa kwa nguvu zako zote, kwa sababu kileleni chombo kinapepesuka kuliko popote.

Mbili: taa isimame wima, na mstari wake wa katikati ulingane na mstari wa katikati ya chombo. Ukiigeuza kidogo tu, itaonyesha kijani kwa mtu aliyepaswa kuona nyekundu. Taa inayodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa na taa.

Tatu: tundu la skrubu kwenye mti ni mlango wa maji. Maji yakiingia, mlingoti unaoza kutoka ndani huku nje unang'aa. Kabla ya kukaza skrubu, jaza tundu gundi au rangi nzito.

Nne: waya. Uteremke kwa nyuma ya mlingoti mahali ambapo kamba ya tanga haiusugui. Ukazwe kwa vibanio kila baada ya mkono mmoja. Pale unapoingia kwenye taa, uache upinde kidogo chini kama herufi U, ili maji ya mvua yadondoke pale chini ya upinde, yasiufuate waya hadi ndani ya taa.

Tano: chini ya mlingoti acha waya wa ziada, ili mlingoti uweze kulazwa bila kukata kitu.

Sita: fyuzi. Iwe karibu na betri. Waya ukisuguka na kugusana, fyuzi ikatike, boti isiwake moto. Ndani ya boti kuna petroli na watoto.

MTANGAZAJI: Na betri yenyewe? Watu wetu hawana jenereta.

FUNDI: Hapa LED imetusaidia. Chukua taa ya wati 3 kwenye betri ya volti 12. Inakula robo ampea. Usiku wa saa 12, imekula ampea-saa 3. Betri ndogo ya ampea-saa 7 inaiwezesha bila kushushwa chini ya nusu, na betri isiyoshushwa chini ya nusu inaishi muda mrefu. Paneli ndogo ya sola ya wati 10 hadi 20 inaijaza tena kesho yake kama jua ni zuri. Ile balbu ya zamani ya wati 25 ingekula ampea-saa 25 usiku huo huo, na hiyo betri ndogo ingekwisha kabla ya usiku wa manane. Kama una taa tatu za LED, zidisha mara tatu, ununue betri inayolingana.

MTANGAZAJI: Nimeona watu wanafunga plastiki nyekundu juu ya taa nyeupe.

FUNDI: Kwa dharura, sawa, ni bora kuliko giza. Lakini taa nyingi nyeupe za LED za bei rahisi zina mwanga mwekundu kidogo sana ndani yake. Ukiziba kwa plastiki nyekundu, kinachobaki ni hafifu, hakifiki mbali. Tafuta LED ambayo yenyewe ni nyekundu, na nyingine ambayo yenyewe ni kijani. Na ubao unaokinga taa ya ubavuni upake rangi nyeusi isiyong'aa, ili mwanga usiruke kwenda upande usio wake.

MUZIKI MFUPI.

SEHEMU YA NNE: BARUA YA MSIKILIZAJI

MTANGAZAJI: Tunayo sauti ya kijana mmoja kutoka kambini. Tumsikilize.

KIJANA: Shikamoo mzee. Mimi nimejifunza useremala hapa kambini, na baba yangu alikuwa mjenzi wa mitumbwi. Kaka yangu alihamishiwa Marekani, sasa anafanya kazi karakana ya mashua. Ananiambia walifunga taa juu ya mlingoti wa nyuzi za kaboni, na ilichukua siku mbili. Siku mbili kwa taa moja! Je, mlingoti huo ni wa namna gani, na mimi fundi wa mbao naweza kujifunza nini hapo?

MTANGAZAJI: Mzee, unaufahamu mlingoti wa namna hiyo?

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Naufahamu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi pwani, Kilifi, na mashua za wageni wanaozunguka dunia zilikuwa zinakuja kutengenezwa. Mwambie kaka yako hakudanganya. Siku mbili ni sawa.

Kaboni ni nyuzi nyeusi, nyembamba kuliko unywele. Zinalazwa tabaka juu ya tabaka, zinashikwa na gundi nzito inayokauka na kuwa ngumu. Mlingoti wake ni mwepesi sana na una nguvu. Wepesi kileleni ni mali: kila kilo unayoitoa juu inapunguza kulala kwa chombo upepo unapopiga. Lakini una masharti yake.

Sharti la kwanza, tundu. Nguvu ya mlingoti ule iko kwenye nyuzi zinazopanda kutoka chini hadi juu. Kila tundu linakata nyuzi. Kwa hiyo fundi anajiuliza kwanza kama anaweza kuugundisha ule mkono wa taa bila kutoboa. Akilazimika, anatoboa matundu machache, madogo, yaliyoachana, na hayapangi kwa mstari mmoja kukata mlingoti. Anatumia keekee kali, haraki. Kisha anapaka gundi kingo za tundu na kuisubiri ikauke. Hapo ndipo siku moja inapokwisha.

Sharti la pili, umeme. Mbao haipitishi umeme kirahisi, lakini kaboni inapitisha. Waya uliochubuka ukigusa mlingoti wa kaboni, mlingoti wote unaingia kwenye njia ya umeme. Kwa hiyo waya unapita ndani ya bomba la plastiki, na zinatumika nyaya mbili kamili, ya kwenda na ya kurudi. Mlingoti hautumiwi kurudishia umeme.

Sharti la tatu, kutu. Ukiweka alumini moja kwa moja juu ya kaboni, maji ya chumvi yakafika kati yao, vinakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Inageuka unga mweupe, skrubu zinalegea, taa inaning'inia. Kwa hiyo kati yao panawekwa plastiki au tabaka la fibaglasi, na skrubu zinakuwa za chuma kisichoshika kutu, zikiwa zimepakwa gundi.

Sharti la nne ni la mwili wako. Vumbi la kaboni linawasha ngozi na halifai kuingia mapafuni. Barakoa, miwani, mikono mirefu. Niliwaona vijana wakikata kaboni vifua wazi, wakajikuna wiki nzima.

MTANGAZAJI: Na fundi wa mbao ajifunze nini?

FUNDI: Ajifunze kuuliza kabla ya kutoboa. Kaboni inakatika nyuzi, mbao inaoza. Zote mbili zinakasirishwa na tundu lisilofikiriwa. Ajifunze kwamba vyuma viwili tofauti vikikaa pamoja kwenye maji, kimoja kitamla mwenzake. Hata kwenye mashua ya mbao, misumari ya chuma ukiichanganya na shaba utaona. Na ajifunze kwamba kujikinga vumbi si uoga. Vumbi la mbao ngumu nalo linaumiza kifua. Mwanangu, siku kaka yako akikuita, utakuwa umeshajua nusu ya kazi.

MUZIKI MFUPI.

SEHEMU YA TANO: KABLA HUJAPANDA

MTANGAZAJI: Wengi wanaotusikiliza si manahodha. Ni abiria. Mzee, abiria afanye nini?

FUNDI: Jambo la kwanza, akiweza kusafiri mchana, asafiri mchana. Taa nzuri haishindi jua. Kama safari ni ya usiku, amuulize nahodha maswali manne kabla ya kulipa nauli. Taa zako ziko wapi? Ziwashe nizione. Betri imejaa? Nani anaangalia mbele wakati wewe unashika usukani? Nahodha mzuri hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu.

MTANGAZAJI: Na akisema tuzime taa?

FUNDI: Mwenye safari halali hana sababu ya kuzima taa. Namwelewa yule mama. Siku ile hawakuwa na hiari. Lakini siku ya kurudi nyumbani, au ya kwenda kumsalimia ndugu, usikubali kukaa gizani katikati ya maji.

MTANGAZAJI: Mzee, wewe mwenyewe ulianzaje kufunga taa?

FUNDI: (KIMYA KIDOGO) Mdogo wangu alikuwa mvuvi. Usiku mmoja boti ya mizigo iliwapitia. Nahodha wa ile boti alilia kama mtoto. Alisema, niliona taa moja nyeupe, nikadhani iko mbali. Mdogo wangu hakupatikana. Yule nahodha hakuwa mtu mbaya. Alikosa kuambiwa tu. Baada ya matanga nikanunua taa mbili, nyekundu na kijani, nikazifunga kwenye boti ya jirani bure. Tangu hapo sijajenga mashua nikaiacha itoke bila mahali pa taa.

MTANGAZAJI: Pole sana, mzee. Na asante kwa kutuambia.

FUNDI: Tumeshapoa, binti yangu. Wasikilizaji wakizifunga, nitafurahi.

MUZIKI. UNASHUKA CHINI YA SAUTI.

TUKUMBUSHANE

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kabla hatujaagana, tukumbushane tuliyojifunza.

Kushoto nyekundu, kulia kijani, nyuma nyeupe. Injini inaongeza nyeupe ya juu.

Ukiona nyekundu na kijani pamoja, chombo kinakujia. Geuka kulia mapema.

Taa iwe juu, isimame wima, isifichwe na tanga, watu wala mizigo.

Waya ulindwe usisuguliwe, fyuzi iwe karibu na betri, na kila tundu lizibwe.

Mtumbwi mdogo uwe na tochi iliyofungwa kamba, na iwashwe mapema.

Abiria, uliza na uone kwa macho yako taa zikiwaka kabla chombo hakijaondoka.

ZOEZI LA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

Zoezi hili halihitaji ziwa. Subirini giza liingie. Mtu mmoja asimame katikati ya uwanja, awe "chombo". Mkono wa kushoto ashike tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu, mkono wa kulia tochi yenye plastiki ya kijani, na mwenzake asimame nyuma yake na tochi nyeupe inayotazama nyuma. Wengine wamzunguke kwa duara, hatua thelathini kutoka kwake. Kila mmoja aseme anaona rangi gani, na chombo kinaelekea wapi. Kisha "chombo" kigeuke, na wote wajibu tena. Watoto wakishiriki watajifunza haraka kuliko wakubwa.

Mafundi wanaweza kutumia njia hiyo hiyo kupima taa mpya: chombo kikiwa ufukweni, mzunguke jioni kwa hatua hamsini. Ukisimama mbele kabisa uone rangi mbili. Ukisogea kushoto kwake, kijani kipotee. Ukisogea kulia kwake, nyekundu ipotee. Kama sivyo, taa imekaa vibaya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kuna mtu katika kikundi aliyewahi kusafiri majini usiku? Chombo kilikuwa na taa gani?
2. Kwa nini taa nyeupe peke yake haitoshi mahali penye wavuvi wengi?
3. Ni vifaa gani vya kufungia taa vinapatikana katika soko la karibu nanyi, na ni vipi vinakosekana?
4. Mtamwambia nini nahodha anayekataa kuwasha taa?
5. Mafundi waliopo kambini wanawezaje kuwafundisha vijana kazi hii?

MTANGAZAJI: Tutumieni majibu na maswali yenu kupitia viongozi wa vikundi vya wasikilizaji, kama kawaida. Wiki ijayo tutazungumzia dhoruba: namna ya kusoma mawingu kabla ya kuondoka. Mzee, neno la mwisho?

FUNDI: Washeni taa. Anayekuja mbele yako naye ana watoto nyumbani.

MTANGAZAJI: Asante, mzee wetu. Asante, mama, na asante, kijana wetu seremala. Nanyi wasikilizaji, asanteni kwa kuwa pamoja nasi. Kaeni salama, hadi wiki ijayo.

KIASHIRIO CHA KIPINDI. KINAPANDA HADI MWISHO.